Mtumishi hahami, lakini moyo umeshahama

Kila yanapotoka matokeo mabaya ya mitihani katika wilaya zetu za Mara, lawama ya kwanza humwangukia mwalimu. Hana wito, hana uzalendo, anachotazama ni mshahara tu. Nimefundisha shule za vijijini Butiama, kisha Bunda, na sasa naishi Musoma mjini. Kwa maoni yangu lawama hii imeanzia mwisho wa jambo.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Canada, John Meyer na Natalie Allen, walieleza kwamba mtu hufungamana na kazi yake kwa njia tatu. Wako wanaobaki kwa kuipenda, wako wanaobaki kwa kuona ni wajibu, na wako wanaobaki kwa sababu kuondoka kutawagharimu. Wote hao utawakuta asubuhi wamesaini daftari la mahudhurio, na daftari halitakuambia nani ni nani.

Kwetu hili kundi la tatu limenenepeshwa na mikopo. Kijana anaajiriwa, anapangiwa kijiji ambacho nyumba ya kupanga yenye staha haipatikani, nyuma yake kuna wadogo wa kusomesha na wazazi wanaomtazama yeye. Anakwenda benki na kukopa kwa dhamana ya mshahara, miaka kadhaa mbele. Kama alisoma chuo kikuu kwa mkopo, kuna pia makato ya Bodi ya Mikopo, ambayo sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 iliyapandisha hadi asilimia 15. Utaratibu unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara, na wapo wengi wanaoishi hapo hapo kwenye theluthi. Riba tunayoikemea misikitini ndiyo inayompangia ratiba: asubuhi darasani, mchana dukani, jioni anasubiri hesabu ya bodaboda. Mwajiri akitazama takwimu atafurahi kwamba watu wake hawaachi kazi. Hawaachi kwa sababu hawawezi.

(Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Sijui angefanyaje kama angekuwa na mkopo wa miaka saba.)

Tazama pia jambo dogo la siku ya mshahara. Kabla ya huduma za fedha kwa simu kuanza kuenea, kuanzia mwaka 2008, mwalimu wa ndani vijijini alifunga safari hadi mjini kufuata fedha zake, na darasa likabaki peke yake siku mbili, wakati mwingine tatu. Tulihubiriwa sana juu ya uadilifu. Kilichopunguza utoro ule ni simu.

Sekta binafsi nako si shwari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya mwaka kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka. Kibarua wa samaki Musoma au wa pamba Bunda, anayeitwa mzigo ukija na kurudishwa nyumbani ukiadimika, huo mfululizo anaupata wapi? Halafu tunamshangaa akiondoka bila kuaga.

Wala sisemi fedha ndiyo kila kitu. Mwaka 2022 kima cha chini serikalini kilipanda kwa asilimia 23.3, lakini wa ngazi za kati waliambulia kidogo, na manung'uniko yakawa makubwa kuliko shukrani. Na tangu ada ifutwe hadi kidato cha nne mwaka 2016, jambo jema kabisa, madarasa yamefurika, na mwenye watoto mia mbele yake huchoka hata akilipwa vizuri.

Kijiji kimoja nilichofundisha wazazi walichanga matofali, vijana wakachimba msingi wa nyumba ya walimu. Wenzangu wawili waliokuwa wameshaandika barua za uhamisho hawakuzipeleka. Halmashauri zetu zikikaa kupanga bajeti, fungu la semina za maadili lisubiri kwanza nyumba zipate lake.