Dripu Iliyohojiwa: Maswali ya Wagonjwa Kuhusu Majaribio ya Tiba

Nimekuwa muuguzi wa utafiti kwa miaka mingi. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na wagonjwa na ndugu zao, baadhi waziwazi, baadhi kwa kunong'ona baada ya daktari kuondoka. Ninayajibu hapa kama ninavyoyajibu kando ya kitanda, ila kwa kirefu kidogo.

Sista, nimelazwa hospitali ya kufundishia. Ina maana nimeshakuwa mtu wa majaribio?

Hapana. Hospitali ya kufundishia ni ile ambamo madaktari na wauguzi wanalelewa kikazi: Muhimbili, KCMC na Bugando kwetu Tanzania, Kenyatta na ile ya Moi kule Eldoret, Mulago kwa majirani wa Uganda. Asubuhi utaona makoti meupe yamezunguka kitanda chako na profesa anawauliza vijana maswali. Hayo ni mafunzo, na dawa unayopewa ni ile ile iliyoandikwa kwenye mwongozo wa wizara.

Jaribio la tiba lina njia yake. Linaandikiwa andiko kabla ya mgonjwa wa kwanza kuguswa, linapitiwa na kamati ya maadili, na kama ni la dawa, linahitaji pia kibali cha mamlaka ya dawa. Kwetu hiyo ni TMDA, Kenya ni Bodi ya Dawa na Sumu. Kisha unakuja wewe, na wewe una neno la mwisho.

Madaktari wamesoma miaka yote hiyo. Kwa nini wasitupe tu dawa wanayojua inafaa?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake limo ndani ya dripu.

Sisi sote tunaiamini dripu. Mama akimleta mtoto anayechemka homa, mikono na miguu ya baridi, anapumua kwa shida, roho yake haitulii mpaka aone chupa imetundikwa. Madaktari nao walikuwa hivyo hivyo. Vitabu vya nchi tajiri vilielekeza kwamba mtoto wa namna hiyo, ambaye damu haimfikii vizuri mwilini, amwagiwe maji mengi ya dripu kwa haraka. Lakini hakuna aliyekuwa amelipima jambo hilo kwa watoto wa hospitali zetu, wengi wao wakiwa na malaria kali na upungufu wa damu, mahali pasipo na chumba cha wagonjwa mahututi.

Profesa Kathryn Maitland na wenzake walilipima. Jaribio lao, lililoitwa FEAST, lilifanyika katika hospitali 6: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza mkoani Tanga, na nne za Uganda, Mulago ikiwamo. Waliingia watoto 3,141. Wote walipata dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu kwa aliyehitaji. Tofauti ilikuwa moja: makundi mawili yaliongezewa maji ya haraka, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, moja kwa maji ya chumvi na jingine kwa albumini. Kundi la tatu liliwekewa dripu ya pole pole tu.

Baada ya saa 48, katika makundi ya maji ya haraka walikuwa wamefariki watoto 10 hadi 11 katika kila 100. Katika kundi la pole pole walifariki 7.

Lisome tena hilo taratibu. Kitu tulichokitundika kwa mapenzi kilikuwa kikiondoa watoto watatu zaidi katika kila mia. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba muuguzi aliyesimama pale asingeweza kukigundua kwa macho yake. Watoto waliopewa maji mengi walionekana kupata nafuu mapema. Mikono ilipata joto, mapigo yakatulia, kila mtu akashusha pumzi. Vifo vilikuja baadaye, saa ambayo hakuna tena aliyeikumbuka ile chupa.

Ndiyo maana tunapima. Mazoea ya daktari mmoja, hata awe hodari vipi, yasingeona watoto watatu katika mia. Ilihitajika hesabu ya watoto elfu tatu.

(Tafadhali, mama mwenye mtoto anayeharisha asiogope dripu kwa sababu ya maneno yangu. Watoto waliopungukiwa maji kwa kuharisha sana hawakuingizwa katika jaribio lile. Hao maji wanayahitaji, na mapema.)

Nani anaamua nani apewe dawa gani?

Bahati. Wagonjwa wengi hushtuka wakisikia hivyo, kama kwamba tunacheza kamari na afya zao. Lakini fikiri: daktari angeachiwa achague, angempa dawa mpya yule anayemhurumia zaidi, au yule aliye hoi, au yule mwenye nguvu za kuistahimili. Mwishoni tusingejua kama ni dawa iliyofanya kazi au ni uchaguzi wake. Ikipigwa kura kwa bahasha zilizofungwa au kwa kompyuta, wenye hali mbaya na wenye nafuu hugawanyika karibu sawa pande zote. Kura hiyo ni halali pale tu ambapo kweli hatujui upande upi ni bora. Kama tunajua, kupiga kura ni dhambi.

Na wale wanaopewa vidonge visivyo na kitu? Huko si kuwadanganya?

Ni kudanganya kama hawakuambiwa. Wakiambiwa tangu mwanzo kwamba kidonge chako kinaweza kuwa kitupu, na wakati wa jaribio wewe na anayekuhudumia hamtajua, hakuna uongo. Ila kidonge kitupu hakiruhusiwi kuchukua nafasi ya dawa iliyokwisha kuthibitika. Kwa kawaida kila mtu anapata tiba ya kawaida, na kidonge kipya au kitupu kinaongezwa juu yake.

Pale Muhimbili, kuanzia 1995, wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI waligawanywa kwa namna hiyo ili kupima vitamini, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia watu wetu. Wote walipata madini ya chuma na foliki. Mchanganyiko wa vitamini B, C na E ulisaidia: mimba chache zaidi ziliharibika, watoto wachache zaidi walizaliwa na uzito pungufu. Vitamini A, ambayo wengi waliitarajia, haikusaidia, na baadaye ilionekana kuongeza hatari ya mtoto kuambukizwa na mama yake. Bila kundi la vidonge vitupu tungeendelea kuwagawia akina mama vitamini A kwa nia njema kabisa.

Lakini kuna watu waliotumiwa kama panya. Tusiseme uongo.

Ni kweli, na sitalifunika. Kule Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa na idara ya afya ya serikali ya Marekani bila kuambiwa ugonjwa wao. Penisilini ilipokuja ikawa tiba ya kila mahali, wao walinyimwa. Jambo lile liliendelea hadi 1972, magazeti yalipolianika. Woga wa mgonjwa anayeniuliza swali hili una mizizi, na daktari anayemkasirikia mgonjwa kwa kuuliza hafai kufanya utafiti.

Jaribio likianza kudhuru watu, nani analisimamisha?

Kuna kamati huru ya watu wasiokuwa na maslahi katika jaribio, wanaofungua takwimu katikati ya safari wakati watafiti wenyewe bado wamefungwa macho. FEAST ilipangwa kuingiza watoto 3,600. Januari 2011 kamati hiyo ilishauri uandikishaji usimame. Kisiwani Pemba ilikuwa vivyo hivyo mwaka 2003: watoto waliokuwa wakipewa madini ya chuma na foliki walionekana kulazwa na kufa zaidi kuliko wenzao, na vidonge hivyo vikasitishwa.

Mbona mnachukua damu nyingi? Mtaani wanasema inauzwa.

Habari za mumiani nimezisikia tangu utotoni, kwa hiyo sicheki. Mrija wa kawaida wa damu unabeba kiasi cha kijiko cha chai, na mtu mzima ana lita tano hivi mwilini. Kwa mtoto kiasi kinahesabiwa kwa uzito wake. Una haki ya kuuliza: mirija mingapi, kwa vipimo gani, itatunzwa wapi, itasafirishwa nje ya nchi au la. Ikisafirishwa, lazima kuwe na kibali, na lazima iwe imeandikwa kwenye karatasi uliyoitia sahihi.

Karatasi yenyewe ni ndefu, na mimi sijui kusoma.

Basi isomwe kwa sauti, kwa lugha unayoielewa, mbele ya shahidi wako, na uweke dole gumba baada ya kuridhika. Mimi nina kawaida moja: nikimaliza kusoma, namwomba mgonjwa anieleze yeye kwa maneno yake tutafanya nini. Akisema "mtanipa dawa nipone", ujue sijaeleweka, narudi mwanzo. Ukitaka kwenda nyumbani ukashauriane na mumeo, mama yako au mjomba, nenda. Ukikataa, au ukikubali kisha ukabadili nia mwezi ujao, matibabu yako ya kawaida yanabaki pale pale.

Na mtoto aliyezimia? Nani atasoma karatasi wakati huo?

Hakuna mzazi anayeweza kupima kurasa kumi huku mwanawe anakata roho. Katika FEAST kamati za maadili ziliruhusu, kwa hali za dharura, mzazi aelezwe kwa ufupi na kukubali kwa mdomo, kisha ridhaa kamili iombwe mtoto akitulia. Ni njia ngumu. Wapo waliopoteza watoto kabla ya mazungumzo ya pili, na kurudi kwa mama kama huyo kunahitaji moyo na adabu.

Nitalipwa?

Nauli, na fidia ndogo ya muda wako. Si zaidi, maana pesa nyingi humfumba macho mwenye shida. Ukidhurika na dawa ya jaribio, matibabu hayatoki mfukoni mwako. Uliza bima iko wapi.

Mkimaliza, tutaambiwa mlichokipata?

Mnapaswa kuambiwa, na hapa wenzangu na mimi tumekosea mara nyingi. Matokeo hutoka kwa Kiingereza katika jarida la mbali, mtafiti anapanda cheo, na mama aliyetoa mtoto wake anasikia habari redioni au hasikii kabisa. Nimewahi kukutana sokoni na mshiriki wetu wa zamani aliyeniuliza, miaka mitatu baada ya kumaliza, kama ile dawa ilifaa. Nilimjibu pale pale, katikati ya mafungu ya nyanya, na niliona haya kwamba ilimbidi aulize.

Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, uliza matokeo yatasomwa lini, wapi, na kwa lugha gani. Kisha chukua nakala yako ya karatasi ya ridhaa, ile yenye namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili, uiweke pamoja na kadi ya kliniki.