Gesi ya Friza Haiishi Kama Mafuta ya Taa

Katika somo letu la mwezi huu tutazame jambo linaloonekana dogo. Friza imeacha kugandisha. Fundi anaitwa, anasema, "Gesi imekwisha," anajaza nyingine, nasi twalipa. Baada ya miezi michache anaitwa tena. Je, ile gesi ya kwanza ilikwenda wapi?

Gesi ya friza si kama mafuta ya taa, yanayoungua hata yakaisha. Yenyewe huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: huchukua joto ndani ya sanduku, hulitoa nje, kisha hurudi. Kwa hiyo ikipungua, inavuja.

Hasara ya kwanza ni ya mfuko wetu. Gesi ikipungua, mashine hufanya kazi muda mrefu, umeme huliwa zaidi, na kompresa huweza kuungua.

Hasara ya pili ni ya watu wote. Gesi za zamani, kama R-12, ziliharibu tabaka la ozoni, na kwa Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 mataifa yalianza kuziondoa. Nyingi zilizokuja baadaye haziharibu ozoni, lakini huzuia joto la dunia lisitoke. Kilo moja ya R-404A, gesi ya vyumba vya baridi na friza za madukani, ikivuja huongeza joto sawa na kilo 3,900 hivi za hewa ya ukaa, kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo sababu mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua.

Lakini mapatano hayazibi bomba lililotoboka. Basi tufanye haya:

1. Gesi isijazwe kabla tundu halijatafutwa. Fundi apake povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba. Panapotoa mapovu ndipo panapovuja.

2. Gesi iliyobaki isiachiwe hewani, bali ivutwe katika mtungi.

3. Tundu likizibwa, hewa itolewe kwa pampu, ndipo gesi ijazwe kwa mizani, kwa aina na uzito ulioandikwa kwenye mashine.

4. Friji mpya nyingi hutumia R-600a, ambayo huongeza joto la dunia kidogo sana. Lakini huwaka moto; isitiwe katika mashine isiyotengenezwa kwa ajili yake.

Kazi hii itagharimu zaidi siku ile, lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

Swali la kujadili: Friza yetu imejazwa gesi mara ngapi, na je, tuliuliza inavujia wapi?