Kopo Lisilo na Sukari

Siku hizi vinywaji vya kuongeza nguvu vinauzwa hata vijijini. Watu huviita enaji. Viko vyenye sukari, na viko visivyo na sukari.

Kijana mmoja huendesha bodaboda. Hulala saa chache. Siku moja hakula kitu. Asubuhi alikunywa kopo kubwa la enaji isiyo na sukari. Mchana alikunywa la pili. Jioni alikunywa la tatu. Moyo ukamwenda mbio. Mikono ikatetemeka. Akaenda zahanati, kopo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula nini leo?"

"Sijala, mama. Nimekunywa makopo matatu ya hii. Lakini haina sukari. Nilidhani haina madhara."

Muuguzi alimpima moyo na presha. Akamlaza apumzike. Moyo ulipotulia, akamwambia, "Umejifunza kusoma. Hebu tusome kopo hili pamoja."

Wakasoma hivi:

Kafeini. Hii imo pia katika kahawa na chai. Kopo lile la mililita 500 lilikuwa na miligramu 160. Kafeini huzuia ubongo usisikie uchovu. Haiondoi uchovu.

Viongeza utamu. Majina yake ni sukralosi na asesulfemu. Ni vitamu sana kuliko sukari, kwa hiyo kidogo tu hutosha. Havitii mwili nguvu.

Asidi ya sitriki. Ni ukali kama wa limau. Ikinywewa mara kwa mara, huharibu meno, hata kama sukari haimo.

Taurini na vitamini B. Mwili hujitengenezea taurini. Vitamini za aina ya B tunazipata katika mayai, samaki, nyama na maziwa.

"Mama, kumbe nguvu iko wapi?" kijana akauliza.

"Haimo, mwanangu. Nguvu ya mwili hutoka katika chakula. Humu sukari haimo, na chakula hakimo. Umefanya kazi kwa njaa, huku kafeini ikikuficha uchovu."

Kisha wakapiga hesabu. Makopo matatu, kila moja miligramu 160, ni miligramu 480. Mwaka 2015 wataalamu wa chakula wa Umoja wa Ulaya walisema kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku. Mjamzito asizidishe 200. Kijana alikuwa amezidisha.

"Tena," muuguzi akasema, "kafeini haitoki upesi. Baada ya saa tano hivi, nusu yake bado imo mwilini. Ukinywa saa kumi na mbili jioni, saa tano usiku bado inakukesha. Asubuhi unaamka umechoka, unanunua kopo jingine. Leo usiendeshe."

"Nisipoendesha, hesabu ya tajiri nitaitoa wapi?"

"Na ukimwangusha abiria, hesabu utaitoa wapi?"

Kijana akanyamaza. Akaiacha pikipiki pale, akaenda nyumbani kula na kulala.

Je, kukosa sukari hakuna faida? Faida ipo. Kopo dogo la mililita 250 lenye sukari laweza kuwa na gramu 27, yaani karibu vijiko saba vya chai. Sukari hiyo ni nyingi, hasa kwa mgonjwa wa kisukari. Lakini kuondoa sukari hakuondoi kafeini. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha amwulize mganga kwanza. Watoto, wajawazito na wanaonyonyesha wasinywe. Tena, usichanganye enaji na pombe. Utajiona hujalewa, kumbe umelewa.

Wengine hunywa ili wapungue unene. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee viongeza utamu kwa kazi hiyo.

Kumbuka: Njaa dawa yake chakula. Uchovu dawa yake usingizi. Kabla ya kununua kopo, lisome.

Maswali

1. Kwa nini kijana alidhani kinywaji kile hakina madhara?
2. Kafeini hufanya nini katika ubongo?
3. Kopo moja lina miligramu 160 za kafeini. Mjamzito akinywa mawili kwa siku, atazidisha miligramu ngapi?
4. Leteni darasani kopo au chupa tupu ya kinywaji. Someni pamoja yaliyomo.