Choa na Mapunye: Dawa ya Nyumbani Inasaidia Hadi Wapi?

Baridi ya Kiirua humfanya mtoto avae kofia moja juma zima, na kabla ya kwenda shule huenda akapitia kwa ndama. Choa hupenda mazingira hayo. Ni duara linalowasha, lenye kingo zilizoinuka na magamba, huku katikati pakianza kupona. Likitokea kichwani na nywele kukatika, huitwa mapunye. Si mnyoo wala uchawi, ni kuvu.

Familia nyingi huanza na kilicho karibu: kitunguu saumu, utomvu wa shubiri, siki. Si upuuzi. Kitunguu saumu kina kemikali ambayo katika maabara huzuia kuvu kukua. Hata hivyo, kikipondwa na kufungwa juu ya ngozi kwa saa kadhaa huunguza hadi malengelenge, hasa kwa mtoto. Siki kali nayo huunguza. Shubiri hutuliza mwasho, ila haijathibitishwa kuponya choa. Mafuta taa na maji ya betri yasiguse ngozi kamwe.

Hatari inayojificha zaidi ni krimu za dukani zenye betamethasoni. Mwasho hutulia kwa siku chache na mzazi hufurahi, kumbe kuvu inaenea. Duara hupoteza umbo lake, na hata mhudumu wa afya huweza kudhani ni ugonjwa mwingine.

Kwa choa cha mwilini, krimu ya klotrimazoli ni ya bei nafuu na hufanya kazi. Osha mahali hapo, kausha vizuri, kisha paka mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, ukivuka kingo za duara kidogo. Wengi huacha mara ngozi inapopendeza, na choa hurudi. Endelea walau wiki 1 zaidi.

Mapunye ni jambo jingine. Kuvu imeingia ndani ya unywele, mahali ambapo krimu, kitunguu wala shubiri havifiki. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza kama griseofulvini, kwa wiki kadhaa, akiandikiwa kituoni. Dawa hiyo hufyonzwa vyema ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, na maziwa mazima hapa Kiirua si haba. Mama mjamzito asiitumie. Mapunye yakiachwa hadi yavimbe na kutoa usaha, huenda nywele zisiote tena mahali hapo.

Wanafamilia wakaguliwe pia. Kila mtu awe na taulo na kitana chake, na mashine ya kinyozi isafishwe kwa dawa kabla ya kunyoa mwingine. Ndama mwenye mabaka ya kijivu yenye maganda kuzunguka macho ashikwe kwa glavu na aonwe na daktari wa mifugo.

Mwenye kisukari au anayeishi na virusi vya UKIMWI asisubiri dawa za nyumbani. Aende kituoni mapema. Mtoto aliyeanza matibabu hana haja ya kukosa shule.