SOMO LA MADEREVA NA MAFUNDI: LORI LIKIVISHWA MATAIRI MAKUBWA, JE, GIA ZA DIFU ZIBADILISHWE?



Swali hili hurudi kila madereva wa Kamembe na Bugarama wanapokutana. Mwenye lori ametoa matairi yaliyokuja na gari, amevisha makubwa zaidi ili lisikwame kwenye tope. Baada ya wiki dereva anasema gari limekuwa zito mlimani. Tajiri anasema dereva ni mvivu. Fundi naye ana lake. Somo hili litatusaidia kujibu kwa hesabu. Lisomeni kwa pamoja, mmoja asome kwa sauti, na aliye hodari wa hesabu awasaidie wenzake.

1. KAZI YA DIFU

Propela inazungusha pinioni ndogo. Pinioni inazungusha kraun, yaani lile gurudumu kubwa la meno, na kraun inazungusha magurudumu ya nyuma. Tuseme kraun ina meno 41 na pinioni ina meno 7. Gawanya 41 kwa 7, utapata 5.86. Maana yake propela lazima izunguke karibu mara sita ili gurudumu lizunguke mara moja tu.

Namba hiyo ikiwa kubwa, gari lina nguvu ya kupanda lakini halina mbio. Ikiwa ndogo, gari lina mbio lakini mlimani linachoka. Waliotengeneza lori walichagua namba ya difu wakiangalia urefu wa tairi. Ukivisha tairi kubwa umevuruga hesabu yao: ni sawasawa na kupunguza namba ya difu bila kuifungua.

2. PIMENI KWA CHAKI

Msibishane kwa macho. Gari liwe na mzigo wake wa kawaida na matairi yawe na upepo sahihi. Pigeni alama ya chaki kwenye tairi la nyuma pale linapogusa ardhi, na nyingine chini. Sogezeni gari polepole kwa mstari ulionyooka mpaka alama ya tairi irudi chini. Pimeni kwa futi kamba. Fanyeni hivyo kwa tairi la zamani na kwa jipya.

Tuseme la zamani limetembea sentimita 320 na jipya sentimita 340. Gawanya 340 kwa 320, utapata 1.0625. Tairi limeongezeka kwa 6 na robo katika kila 100. Anayetoka saizi 10.00 kwenda 11.00 kwenye rimu ya 20 huongeza kama 3 katika 100. Anayeruka mpaka 12.00 huongeza 6 au zaidi. Na faida aliyoitafuta tajiri ni ipi? Kwa mfano wetu difu imeinuka kutoka ardhini kwa sentimita 3 tu.

3. KINACHOBADILIKA

Kwanza, nguvu ya kupanda. Pale injini ilipokuwa ikivuta kwa nguvu ya 100, sasa zinafika 94 barabarani. Kwenye tambarare ya Bugarama huwezi kuona tofauti kubwa. Lakini bonde hilo liko kama mita 950 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya msitu wa Nyungwe inapanda mpaka karibu mita 2,500. Huko juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Lori la saruji linalopanda kuelekea Kitabi linapunguziwa nguvu mara mbili. Dereva atalazimika kushuka gia moja zaidi. Akikataa, injini itatoa moshi na kuchemka, na klachi itaungua kila anapoanza kuondoka mlimani.

Pili, mteremko. Ile gia iliyokuwa ikilizuia gari sasa inalizuia kidogo zaidi. Dereva anakanyaga breki mara nyingi kuliko zamani, na ngoma zinapata moto.

Tatu, breki zenyewe. Hapa wengi hawaelewi. Ngoma na viatu vya breki ni vilevile, lakini tairi limekuwa refu, hivyo nguvu ya breki inayofika barabarani nayo imepungua kwa kama 6 katika 100. Kubadili difu kunarudisha nguvu ya injini kupanda na kuzuia. Hakurudishi nguvu ya breki za miguu hata kidogo.

Nne, saa ya mwendo. Ikisoma 80, gari liko kwenye 85. Na kidhibiti mwendo kilichofungwa kwa kilomita 60, kama kinahesabu mizunguko ya propela, kitakuacha uende karibu 64. Polisi akikupima barabarani, faini ni ya kwako.

4. HESABU YA MAFUTA NA MSHAHARA

Jambo hili linamgusa kila mwanachama mfukoni. Saa inayohesabu mizunguko haijui kwamba tairi limekuwa refu, kwa hiyo inaandika kilomita chache. Gari likienda kilomita 510 za kweli, saa itaandika 480.

Tuseme makubaliano ni lita moja kwa kilomita 3. Dereva ametumia lita 170 kwa kilomita 510, na hajavunja makubaliano. Lakini karani anaangalia saa, anaona 480, anagawa kwa 3, anapata lita 160. Lita 10 zimekwenda wapi? Dereva anaitwa mwizi na anakatwa. Ndugu, lita hizo hazikuibwa na mtu. Zimelipia kilomita 30 ambazo saa haikuziona.

Kwa hiyo, siku matairi yanapobadilishwa, pimeni kwa chaki mbele ya karani, andikeni vipimo viwili, tarehe na namba ya gari, kisha wote watie sahihi. Tangu siku hiyo kilomita za saa zizidishwe kwa 1.0625, au kwa namba mtakayoipata ninyi.

5. BASI, TUBADILI AU TUSIBADILI?

Ongezeko likiwa chini ya 3 katika 100, acheni difu. Rekebisheni hesabu ya saa, inatosha.

Likiwa kati ya 3 na 5, angalieni kazi ya gari. Lori la mizigo myepesi mjini linaweza kuachwa. Lori la saruji, mbao au mchanga linalopanda milima kila siku lifikiriwe, na kwanza mzigo upunguzwe.

Likizidi 5 na gari ni la milimani, chaguo ni mawili: kurudisha matairi ya saizi ya kwanza au kubadili difu. Katika mfano wetu tunazidisha 5.86 kwa 1.0625, tunapata 6.23. Seti ya meno 37 na 6 inatoa 6.17. Hiyo inafaa, na saa inayochukua hesabu kwenye giaboksi nayo itarudi karibu na ukweli. Lakini kwa kuwa breki hazirudi, kurudisha matairi ya kwanza aghalabu ndiyo njia ya usalama na ya bei nafuu.

6. FUNDI AKIFUNGUA DIFU

Kraun na pinioni husagwa pamoja kiwandani na huuzwa pamoja. Usichanganye moja ya gari hili na nyingine ya gari lile. Lori lenye difu mbili nyuma, au linalovuta na mbele pia, zibadilishwe zote kwa namba moja, la sivyo zitapigana na kuvunjana. Bearingi zikazwe kwa kipimo, meno yapakwe rangi kuona yanavyogusana, na oili mpya iwe ya aina ya difu. Pia hakikisheni matairi pacha hayagusani yakiwa na mzigo na la mbele halisugui usukani ukikatwa mpaka mwisho.

Sheria ya kazi ya Rwanda namba 66 ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri alinde usalama na afya kazini. Tairi na breki za lori ni mahali pa kazi pa dereva na utingo wake. Tukizungumza na tajiri twende na futi kamba na karatasi yenye vipimo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Tairi la zamani linatembea sentimita 300, jipya 318. Ongezeko ni ngapi katika 100? Saa ikisoma 50, mwendo wa kweli ni upi?

2. Saa imeandika kilomita 400 kwa matairi hayo mapya. Ni lita ngapi za haki, kama makubaliano ni lita moja kwa kilomita 3?

3. Ni malori mangapi katika kikundi chenu yamebadilishwa saizi ya tairi, na mangapi kati yake yana karatasi ya vipimo iliyotiwa sahihi?