Kutafuta Kwao Babu Zetu kwa Ramani

Ndugu Wanachama,

Somo letu la safari hii si la mbolea wala la kuanika karafuu. Ni juu ya swali ambalo wengi wenu mmekuwa mkituletea afisini, hasa mvuno unapokwisha na watu wakapata nafasi ya kukaa barazani: vipi mtu ataweza kujua babu zake walikaa wapi kabla hawajafika kisiwani humu?

Wale ambao wazee wao walitoka Omani, Hadhramaut au Ngazija mara nyingi wana jina la mji, na pengine wana karatasi. Taabu iko kwa wale ambao wazee wao walitoka bara. Hao huambiwa neno moja tu, "Mnyamwezi" au "Mnyasa", na hapo habari hukatika. Somo hili ni lao.

Kuna methali isemayo, mwacha asili ni mtumwa. Twajua kuwa methali hii huwachoma baadhi yetu, na kwa hiyo huwa hawaulizi kitu. Twasema wazi: wale walioletwa hapa kwa nguvu hawakuacha asili yao, walinyang'anywa. Mjukuu anayeitafuta hajifedhehi, bali anaunga kilichokatwa.

MFANO WA MWENZETU

Mwanachama mmoja wa Pemba, mzee wa miaka themanini, alitujia na ramani iliyokunjwa kwapani. Bibi yake, aliyefariki katika miaka ya 1960, alikuwa akimsimulia habari za mama yake. Mama huyo alitekwa bara akiwa mtoto, akafikishwa pwani, kisha Pemba. Zama hizo tufani ya mwaka 1872 ilikuwa imekwisha kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikawa yahitaji watu wa kupanda na kuchuma. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, lakini majahazi yaliendelea kuwavusha watu kwa siri. Mama huyo aliupata uhuru wake baada ya amri ya Sayyid Hamoud ya mwaka 1897.

Maneno aliyoyaacha yalikuwa matano. La kwanza, kwao ni Ukimbu. La pili, kwao kulikuwa na mitundu mingi. La tatu, karibu na nyumba palikuwa na jiwe kubwa la bapa. La nne, asubuhi walipokuwa wakitembea jua lilikuwa likiwapiga usoni. La tano, walikwenda siku sita msituni katika Mgunda Mkali, wakiona kiu, ndipo wakafika kwa Wagogo.

Mzee wetu aliifunua ramani, akaweka kidole juu ya Mitundu, mkoa wa Singida, kusini mwa Itigi katika njia iendayo Rungwa. Akasema, "Katibu, pahala penyewe hapa. Nataka niende kabla sijafa."

Tulimsihi angoje kwanza, tuifanye kazi pamoja. Sasa twawaeleza tulivyofanya, ili kila mmoja aweze kufanya kwa habari zake mwenyewe.

HATUA YA KWANZA: TENGA MAKONYO NA KARAFUU

Andika kila neno ulilolisikia kwa mzee, kama alivyolitamka, wala usilitengeneze. Pembeni andika ni nani aliyesema, naye alilisikia kwa nani. Kisha tenga: lipi ni neno la mzee, na lipi ni maelezo ya watu wa baadaye. Mwenzetu alikuwa na neno la sita, kuwa bibi huyo alikuwa binti wa mtemi. Tulipouliza, ikaonekana liliongezwa na mjomba mmoja katika harusi. Tukalitoa.

Neno "Mnyamwezi" nalo litazameni kwa hadhari. Huku pwani aliitwa hivyo karibu kila mtu aliyetoka ng'ambo ya Ugogo. Katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, zimo karatasi za zama za kuondolewa utumwa, na humo kabila la mtu liliandikwa kwa masikio ya pwani. Mkimbu aliweza kuandikwa Mnyamwezi, wala hakuna aliyemwuliza mara ya pili.

HATUA YA PILI: JUA JINA NI LA NAMNA GANI

Majina ya pahala huko bara ni ya namna tatu.

Kuna majina ya nchi nzima, kama Ukimbu, Ugogo na Unyanyembe. Hayo hudumu, ingawa mipaka yake huenda na kurudi.

Kuna majina ya watu. Msafara ulikuwa ukiuliza, "Leo twalala wapi?" na jibu ni "Kwa fulani", yaani kwa mtemi au jumbe wa pale. Jumbe akifa, au akihama kwa vita au ukame, jina humfuata, na pahala pa kwanza pakabaki mahame. Jina la namna hiyo mkiliona katika ramani, litazameni pamoja na mwaka wake, kwani bila ya mwaka halina faida.

Na kuna majina ya mawe, maji na miti. Katika njia ya zamani ya misafara iliyopita Mgunda Mkali twasoma Jiwe la Mkoa, Jiwe la Singa, Mgongo Tembo. Majina haya ni mazuri kwa kazi yetu, kwa kuwa jiwe halihami. Ila yana ila moja: jiwe kubwa liko pengi, na mti uko pengi zaidi.

Hapo ndipo mzee wetu alipokuwa karibu kupotea. Mtundu ni mti katika jamii ya miombo, nao umeenea toka pwani ya Kenya mpaka Angola. Bibi aliposema kwao kuna mitundu, huenda alitaja kijiji, na huenda alitaja miti iliyokuwa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo Mitundu ya leo ni dalili, lakini haijawa ushahidi.

HATUA YA TATU: PANGA RAMANI KWA MIAKA

Msitazame ramani moja. Zipangeni kama ngazi, toka ya zamani mpaka ya leo.

Ngazi ya kwanza ni ramani za wasafiri. Burton na Speke walipita Mgunda Mkali mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba mwaka huo. Stanley alipita mwaka 1871. Vitabu vyao vina ramani na majina ya vituo. Lakini watu hawa waliandika njia waliyopita tu. Kijiji kilichokuwa siku moja pembeni hawakukiona, na majina waliyaandika kwa masikio yao. Yasomeni kwa sauti, kisha mtafute Kiswahili chake au Kikimbu chake.

Ngazi ya pili ni ramani ya Wadachi, ya kipimo cha 1 kwa 300,000, iliyopigwa chapa Berlin na Dietrich Reimer kuanzia miaka ya 1890. Humo mna vijiji vingi, mito, njia za miguu, na mara nyingi jina la jumbe. Kwa nchi nyingi za bara hii ndiyo ramani iliyo karibu zaidi na zama za babu zetu.

Ngazi ya tatu ni ramani za kipimo cha 1 kwa 50,000, zilizoanza kutengenezwa na idara ya upimaji ya Waingereza baada ya mwaka 1946 na kuendelezwa na serikali yetu. Hapo kijito na kilima huonekana waziwazi.

Ngazi ya nne ni ramani ya leo, hata ile ya katika simu.

Kisha ulizeni: baina ya ngazi na ngazi, watu walihamishwa na nini? Kwa Ukimbu jibu ni refu. Katika miaka ya 1870 Nyungu ya Mawe, mwana wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, aliiteka nchi hiyo kwa jeshi la rugaruga, akatawala mpaka alipokufa mwaka 1884, na binti yake Mgalula akashika nafasi yake. Vijiji vingi vilivunjika katika vita hivyo, na watoto wengi wakauzwa. Katika miaka ya 1920 na 1930, kwa ajili ya ugonjwa wa malale, serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika waliokuwa wametawanyika msituni, ikawaweka katika makao makubwa. Tena baina ya 1973 na 1976 likaja zoezi la vijiji vya ujamaa. Na leo sehemu kubwa ya nchi hiyo imo ndani ya mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi.

Maana yake ni hii: mtu anayekaa Mitundu leo huenda babu yake hakukaa Mitundu, na yule ambaye babu yake alikaa hapo huenda leo yuko Tabora, Chunya, au Pemba.

HATUA YA NNE: SHIKA RULA NA BIKARI

Jua la asubuhi usoni maana yake walikuwa wakielekea mashariki. Basi kwao ni magharibi ya Ugogo. Katika zama za misafara Mdaburu ilikuwa nchi ya mwanzo ya Wagogo kwa mtu atokaye upande huo, na jina hilo liko mpaka leo katika wilaya ya Manyoni. Tukaweka ncha ya bikari hapo.

Msafara wenye mizigo ulikwenda yapata maili 8 mpaka 12 kwa siku. Siku sita ni maili 48 mpaka 72, yaani kilomita 77 mpaka 116. Katika ramani ya Wadachi sentimita moja ni kilomita tatu. Basi kilomita 77 ni sentimita 26 kasoro kidogo, na kilomita 116 ni sentimita 38 na kitu. Tukachora pinde mbili upande wa magharibi. Kwa kuwa njia ya miguu haiendi sawa kama uzi, tukachora na upinde wa tatu kwa ndani, tukipunguza robo ya mwendo.

Nchi iliyobaki baina ya pinde ilikuwa pana, tena ina vijiji vingi vya zamani. Mzee alitazama, akanyamaza. Alikuja na nukta, akaondoka na nchi nzima. Akatuuliza, "Sasa nimepata au nimepoteza?" Tukamwambia amepata, kwa sababu jana alikuwa na jina lililofanana tu, na leo ana nchi anayoweza kuitolea hoja.

HATUA YA TANO: ULIZA WALIO HAI

Ramani hukufikisha kwenye mlango, lakini mwenye kufungua ni mtu. Mzee wetu alisafiri na mjukuu wake, wakapanda gari moshi mpaka Itigi, kisha gari mpaka Mitundu. Hakwenda na madai. Alikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akajieleza, naye akamwitia wazee wa Kikimbu.

Walimwambia kuwa mitundu iko kote, na mawe ya bapa yako mengi, na kuwa mahame ya zamani yamo msituni, mengine ndani ya hifadhi ambako mtu haingii bila ya ruhusa. Kijiji cha bibi hakikujulikana. Lakini bibi huyo alikuwa na jina la nyumbani ambalo Pemba halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Alipolitaja, wazee wawili walicheka, wakasema hilo ni jina la kwao, hata leo wako watoto waitwao hivyo. Jina moja halithibitishi ukoo. Lakini lilikubaliana na Ukimbu, na jua, na siku sita.

Aliporudi, aliandika katika daftari la ukoo wake: "Mama wa bibi yetu alitoka Ukimbu, magharibi ya Mdaburu, alitekwa akiwa mtoto. Kijiji hakijajulikana." Sisi twaliona andiko hilo kuwa na thamani kuliko nasaba ndefu ya kubuni.

MAONYO MATATU

Kwanza, ramani si hati ya shamba. Asiende mtu bara kudai ardhi kwa kidole kilichowekwa juu ya karatasi, wala asitumie habari hizi kumtoa mwenziwe katika shamba la huku.

Pili, asili ya mtu ni siri yake. Ukikuta katika karatasi habari za babu wa jirani yako, usizitangaze barazani. Mpe mwenyewe, naye ataamua.

Tatu, msichelewe. Ramani za Wadachi zitakuwapo mwakani, lakini bibi aliyekaa jikoni huenda asiwepo.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua karatasi, igawe safu nne: neno, aliyelisema, namna ya jina (nchi, mtu, au jiwe, maji na mti), na mwaka unaokisia. Jaza kabla ya mvuno ujao, uilete afisini. Ramani tutazitandaza juu ya meza ile ile tunayohesabia magunia, na bikari tunayo.

Wassalaam,
Katibu wenu