Kabla ya Kununua Pikipiki ya Porini, Muulize Fundi wa Kijiji cha Mwisho

Pikipiki yangu ya kwanza ya safari ndefu ilinizimikia Tanzania, kati ya vijiji vya Kambikatoto na Rungwa, saa nane mchana, Septemba 2018. Ilikuwa cc 650, mtumba safi kutoka nje, na nilikuwa nimeidunduliza miaka miwili. Kijijini nyuma nilikuwa nimejaza petroli ya chupa. Mafuta yalikuwa na uchafu, na pampu iliyomo ndani ya tenki ikaziba. Mbung'o, au ndorobo kama wanavyoitwa huko, walinifikia kabla sijavua kofia. Hufuata chochote kinachotembea, na rangi ya bluu na nyeusi huwavuta zaidi. Koti langu lilikuwa la bluu.

Lori la mbao lilinibeba hadi Rungwa. Fundi wa pale aliizunguka pikipiki mara mbili, akachuchumaa, akapapasa kifuniko cha injini, akasimama. “Kaka, hii sijawahi kuifungua. Sitaki nikuharibie chombo.” Nyuma yake kulikuwa na turubai, na juu yake Boxer mbili zimefumuliwa, nati za kila moja ndani ya kopo lake. Yule alikuwa fundi hasa. Mgeni pale ilikuwa pikipiki yangu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue pikipiki gani ya kwenda porini, mimi humuuliza kwanza anapita wapi. Barabara ya kutoka Makongolosi kupita Rungwa na Itigi hadi Mkiwa ni zaidi ya kilomita 400, na sehemu kubwa niliyopita ilikuwa miombo, mchanga na vumbi. Tafuta kijiji cha mwisho chenye gereji kwenye njia yako. Piga simu, au muulize dereva wa lori anayepita huko: vijana wanaendesha nini? Duka la spea lina nini ukutani? Ukiambiwa Boxer, TVS na Honda ndogo, jibu umeshalipata. Hata wenye fedha jambo hili limewakuta. Mwaka 2004, waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipotoka London kwenda New York kwa pikipiki kubwa, ile ya mpiga picha wao ilipopata hitilafu Mongolia alinunuliwa Izh Planeta, pikipiki ya Kirusi ya kawaida, akasonga mbele nayo.

Mimi niliishia kwenye Boxer BM 150. Silinda moja, inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kutobolewa na jiwe, na ina kabureta. Kabureta ndiyo kitu ninachokitetea kuliko vyote. Mafuta machafu yataingia tu, huwezi kuyakwepa porini, lakini kabureta unaifungua kwa spana na bisibisi. Nimemwona kijana akichomoa uzi mmoja tu kwenye waya mkuukuu wa klachi, akaupitisha kwenye kitundu cha kabureta ambacho hata sindano ya kushonea ingekwama, akapuliza kwa mdomo, akainua juu kutazama mwanga. Ulipoonekana, akarudishia. Kazi yote haikufika nusu saa.

Wako watakaosema gurudumu la inchi 17 la Boxer ni dogo kwa mchanga, na wanasema kweli. Yamaha AG 200, iliyoundwa kwa ajili ya mashambani, ina gurudumu la mbele la 21, kifuniko kinachoziba cheni yote, na stendi pande zote mbili. Ukiipata nzima, inunue. Beba tu tyubu ya 21 yako mwenyewe, maana vijijini ni adimu. Ikibidi, hiyohiyo inaweza kukunjwa ikasaidia gurudumu la nyuma la 18 hadi ufike mjini. Rimu ziwe za spoku. Za spoku zikipinda hunyooshwa. Rimu ya kumimina ikipasuka, safari imekwisha.

Unapokwenda kuiona, nenda asubuhi na mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika. Ukikuta injini ya moto, jiulize kwa nini. Kisha mwombe achomoe waya wa betri, na uipige kiki. Ikiwaka bila betri, hiyo ni pikipiki ya porini. Isipowaka, ujue siku betri itakapokufa utasukuma. Tikisa gurudumu la nyuma kulia na kushoto. Likicheza, huenda bushi zimekwisha. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo, na ile iliyolegea utaisikia kwa sauti yake nzito. Meno ya sproketi yakiwa yamejikunja kama ndoana, hesabu bei ya cheni mpya. Linganisha namba ya chesi na ya injini na zilizo kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu.

Halafu fanya jambo ambalo wengi huliruka. Funga mzigo wako wote, dumu la mafuta, hema na maji, peleka pikipiki kwenye mchanga, ilaze, uiinue peke yako. Fanya hivyo mara tatu. Ile kubwa yangu ilizidi kilo 200 kabla ya mzigo, na mara ya tatu niliketi chini nikihema. Porini utaanguka zaidi ya mara tatu.

Kuhusu mafuta, usiamini hesabu ya lami. Boxer ina tenki la lita 11. Mjini lita moja ilinipeleka kilomita 45. Mchangani na mzigo zilishuka hadi 32. Panga safari kwa hiyo ndogo, na uongeze dumu la lita tano. Chuja kila petroli ya chupa kwa kitambaa safi. Chujio la hewa likiwa la sponji, lioshe jioni kwa maji na sabuni, likauke usiku, ulipake oili kabla ya kulirudisha. Oili ya injini itazame kila asubuhi pikipiki ikiwa imesimama wima.

Mwaka uliofuata nilirudi njia ileile na Boxer. Kabla ya Rungwa waya wa klachi ulikatika, nikabadilisha gia kwa kusikiliza injini hadi kwenye turubai la yule fundi. Alinikumbuka. Waya mpya ulikuwa ukutani dukani, hatua kama ishirini kutoka pale, akaufunga chai yangu haijapoa. Alipomaliza akaketi juu ya pikipiki, akabana klachi mara kadhaa, akatabasamu. “Hii sasa naijua, kaka. Pita tu.”